Maswali ya wasomaji: gesi inayozaliwa motoni na kutunzwa kwenye baridi

Toleo lililopita niliandika, kwa kupitia tu, kwamba miaka yangu ya mwanzo katika kemia niliimaliza mbele ya chupa ya kioo iliyozamishwa ndani ya nitrojeni ya maji, yaani nitrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, nikikusanya gesi ya silikoni difloraidi. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimefurahi sana, maana ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na ni nadra mtu asiye mkemia kuniuliza habari zake. Nimeteua barua sita.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma kemia mwaka wa kwanza. Tumefundishwa kwamba ukitaka mmenyuko uende haraka, pasha joto. Wewe unasema mligandisha vitu hadi −196 °C ndipo vikamenyuka. Mbona ni kinyume?

Marahaba mwanangu. Ulichofundishwa ni sahihi, kishike. Ila kanuni hiyo inahusu vitu vinavyongoja kusukumwa, na silikoni difloraidi haingoji. Ni molekuli yenye atomu moja ya silikoni na mbili za florini, ilhali silikoni imezoea kushikana na atomu nne. Ikikutana na mwenzake inashikana naye, kisha anakuja wa tatu, na wa nne, hadi unajikuta na utando wa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli zilizoshikana, kwenye ukuta wa chombo na gesi uliyoitaka haipo tena. Shida yetu haikuwa kuiamsha. Shida ilikuwa isijimalize yenyewe kabla haijakutana na yule tuliyemkusudia.

Kuizaa ndiko kunakotaka moto. Unapitisha gesi ya silikoni tetrafloraidi, ile yenye florini nne, juu ya vipande vya silikoni ndani ya mrija uliopashwa hadi karibu 1150 °C. Molekuli moja ya tetrafloraidi inachukua atomu moja ya silikoni, zinatoka molekuli mbili za difloraidi. Mmenyuko huu unakula nishati nyingi, zaidi ya kilojuli 400 kwa kila moli (moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabu molekuli), ndiyo sababu ya joto kali hivyo. Na kwa kuwa gesi moja inageuka kuwa mbili, unapendelea mahali penye nafasi: mgandamizo unashushwa hadi karibu milimita 0.1 ya zebaki, wakati hewa tunayoivuta ina milimita 760. Pale kwenye ombwe molekuli hukutana mara chache, na hilo nalo linaipa gesi yetu muda zaidi wa kuishi.

Sasa ipeleke gesi hiyo, pamoja na kile unachotaka ishikane nacho, ikagonge ukuta wa kioo ulio kwenye −196 °C. Hebu tupige hesabu. Chukua mmenyuko wowote wenye kizuizi cha nishati, kile kilima ambacho molekuli lazima zikiruke ndipo zimenyuke, cha kilojuli 40 kwa moli, ambao kwenye joto la chumbani unakwisha kwa sekunde moja. Ushushe hadi −196 °C na utahitaji sekunde zaidi ya 100,000,000,000,000,000,000. Huo ni muda unaozidi umri wa ulimwengu mara 300 hivi. Baridi kiasi hicho inasimamisha karibu kila kitu.

Nasema karibu, na hapa ndipo wanafunzi wangu wengi walipokwama. Difloraidi mbili zinaposhikana hazina kizuizi cha maana cha kuruka, kwa hiyo hesabu niliyoifanya haizihusu. Kinachozitenganisha ni kwamba zimenasa. Zimezungukwa na molekuli za yule mgeni uliyemgandisha pamoja nazo, na katika kitu kigumu hakuna anayetembea. Kisha unaanza kupandisha joto polepole. Barafu inalegea, molekuli zinaanza kujongea, na ya kwanza kuguswa ni ile iliyo jirani. Kwa hiyo, mwanangu, mmenyuko hautokei kwenye −196 °C. Unatokea njiani, wakati wa kutoka kwenye baridi, na wewe ndiye umechagua jirani atakuwa nani.

Nimesoma kwamba kifungo cha silikoni na florini ni miongoni mwa vifungo imara kabisa. Iweje basi misombo yake iwe mikali? Je, kilicho imara hakitulii?

Ni swali ambalo mimi mwenyewe nililiuliza nikiwa na umri wa kujiona najua. Ni kweli kifungo hicho ni imara. Katika silikoni tetrafloraidi kila kimoja kinataka karibu kilojuli 590 kwa moli kukivunja. Cha kaboni na florini ni dhaifu kuliko hicho. Lakini weka kaboni tetrafloraidi kwenye maji, haitafanya lolote. Weka silikoni tetrafloraidi kwenye maji: papo hapo inatoa asidi na kuacha tope jeupe la silika.

Uimara wa kifungo unakuambia gharama ya kukivunja pasipo kupata kitu mbadala. Kwenye maji hakuna anayekivunja namna hiyo. Florini inavuta elektroni kwa nguvu, silikoni inabaki na upungufu, na silikoni ni atomu kubwa, yenye nafasi ya kumpokea mgeni wa tano na hata wa sita. Oksijeni ya maji inakuja na elektroni zake, inakaribishwa kwanza, ndipo florini moja inaondoka. Kaboni ni ndogo, haina pa kumweka mgeni; mlango umefungwa. Carl Wilhelm Scheele aliliona jambo hili mwaka 1771 alipopasha floraiti, madini yenye florini, na asidi ya salfuriki ndani ya chombo cha kioo: gesi iliyotoka ilipogusa maji iliacha ganda la silika, na chombo chake kikawa kimeliwa. Silika ile ilitoka kwenye kioo.

Difloraidi ina sababu ya pili, ile ya nafasi mbili zilizo wazi. Hata hivyo, kwa jamaa zake, ni mtulivu wa kushangaza. Kwenye joto la chumbani na mgandamizo wa milimita 0.1, nusu yake huwa bado ipo baada ya sekunde 150 hivi. Ndugu yake wa kaboni, kaboni difloraidi, hufikisha kama sekunde moja. Silikoni dikloraidi hupotea ndani ya sehemu ya mia ya sekunde. Sekunde 150! Kwa mkemia wa vitu vya namna hii, huo ni mchana kutwa. Unaweza kuisafirisha kutoka tanurini hadi kwenye chupa ya baridi kwa bomba la kawaida. Florini ndizo zinazoituliza, kwa kuazima sehemu ya elektroni zao kwa ile nafasi tupu ya silikoni. Molekuli yenyewe imepinda, pembe yake ni karibu digrii 101.

Ni nani alianzisha mambo haya, na mlipata nini hasa ndani ya hiyo chupa?

Kazi iliyofungua mlango ilichapishwa mwaka 1965, na Peter Timms, John Margrave na wenzao, katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, Marekani. Difloraidi yenyewe ilijulikana kabla. Walichokifanya wao ni kuigandisha pamoja na kitu kingine na kuona nini kinazaliwa.

Mfano ninaoupenda ni wa boroni trifloraidi. Ukizichanganya gesi hizi mbili kwenye joto la chumbani, zinapitana kama hazijaonana. Zigandishe pamoja, zipashe taratibu, na unapata misombo mipya, ule mkuu ukiwa na silikoni mbili, boroni moja na florini saba. Tafadhali soma tena: kwenye joto hakuna kitu, kwenye baridi kuna kitu. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza niliacha kalamu mezani nikatoka nje kutembea.

Na tazama zile silikoni mbili. Uliingiza molekuli zenye silikoni mojamoja, kilichotoka kina mbili zilizoshikana, au tatu. Hali ni hiyo hiyo kwa etilini, gesi ya kaboni na haidrojeni, ambayo ndiyo niliyoifanyia kazi mimi: unapata pete ya silikoni mbili na kaboni mbili, na pete nyingine ya silikoni mbili na kaboni nne. Zinakuja wawili wawili. Timms na Margrave walifikiri kwamba barafu inapolegea difloraidi mbili hushikana kwanza, zikawa mnyororo mfupi wenye ncha mbili zilizo wazi, na huo ndio unaomvamia jirani. Baadaye wengine walisema la, inaingia moja kwanza, ya pili inafuata. Ubishi huo ulidumu miaka mingi na ulikuwa ubishi mzuri, wa watu waliorudi maabara kila mara kutafuta ushahidi badala ya kurushiana maneno.

Ukiigandisha difloraidi peke yake, ukaipasha, unapata polima inayonyumbuka kama plastiki. Usiionyeshe hewa yenye unyevu, itawaka yenyewe. Ila ipashe ndani ya ombwe, kati ya 200 na 350 °C, nayo inakatika vipandevipande kuwa minyororo ya silikoni iliyovikwa florini kila mahali. Minyororo hiyo ilipatikana ya urefu wa hadi silikoni 14. Kabla ya hapo, kupata mnyororo wa silikoni tatu au nne ilikuwa kazi ya jasho.

Kuna na tawi jingine ambalo nalitaja haraka kwa sababu sikulifanya kwa mikono yangu: kuigandisha difloraidi ndani ya argoni nyingi mno, gesi isiyoshikana na kitu, kwenye nyuzi chini kabisa, karibu 20 juu ya sifuri halisi (−273 °C), ili kila molekuli ikae pweke na ipigwe picha kwa mwanga wa infraredi. Kwa njia hiyo tunajua inavyotikisika.

Mwalimu, mimi ni fundi wa maabara. Tuna ombwe la vioo, yaani mabomba ya vioo yanayovutwa hewa kwa pampu, na nitrojeni ya maji. Kijana mmoja anataka kufanya misombo ya silikoni na florini. Nimwangalie nini? Ninaogopa florini, sitaki kudanganya.

Hofu yako ni ya mtu anayejua kazi. Nitakujibu kwa urefu, uvumilie.

Cha kwanza ni maji, na nasema maji kabla ya florini makusudi. Unyevu uliobaki kwenye ukuta wa kioo, ambao macho hayauoni, unashambulia kifungo cha silikoni na florini na kutoa haidrojeni floraidi. Haidrojeni floraidi inakula kioo, kwa sababu kioo ni silika, na kukila huko kunatoa silikoni tetrafloraidi na maji. Maji yale yale. Yanarudi mwanzo yakafanye kazi tena. Ndiyo maana unyevu kidogo hauharibu kidogo. Unazunguka, na kila mzunguko unakuachia uchafu mwingine. Mwambie kijana apashe mabomba yote moto huku pampu ikivuta, usiku mzima, kabla hajafungua gesi yoyote. Akilalamika kwamba anapoteza siku, mpe barua hii.

Cha pili ni hewa. Nitrojeni ya maji iko kwenye −196 °C. Oksijeni inageuka kimiminika kwenye −183 °C na argoni kwenye −186 °C. Chupa iliyozamishwa kwenye nitrojeni huku imeachwa wazi kwa hewa, hata kwa tundu dogo la kiungio kibaya, inakusanya oksijeni iliyo kimiminika kimyakimya. Ukiona kimiminika chenye rangi ya samawati hafifu, usiondoe baridi kwa pupa na usifunge valvu: kiache kimezama, watoe watu chumbani, mwite anayehusika na usalama. Oksijeni hiyo ikikutana na mabaki ya kitu kinachoungua ni baruti, na ikifungiwa ikapashwa joto inapasua kioo.

Cha tatu ni haraka, na hili nilijifunza vibaya. Nilikuwa na majuma matatu ya kazi kwenye chupa moja: difloraidi na etilini nyingi ya ziada, vimegandishwa tabaka juu ya tabaka. Ilikuwa jioni. Badala ya kushusha chupa ya Dewar, ile yenye kuta mbili inayoshika nitrojeni, kidole kwa kidole kama nilivyofundishwa, niliishusha yote kwa mara moja, nikaenda kuandika daftari. Etilini inachemka kwenye −104 °C. Ilichemka yote kwa pamoja. Niligeuka niliposikia kishindo cha kiungio kikiruka, nikaona moshi mweupe ukishuka kwenye meza kama ukungu, na moshi huo nilijua ni nini: floraidi ikikutana na unyevu wa chumba. Ukuta wa usalama ulikuwa umeshushwa na feni ya kuvuta hewa ilikuwa inafanya kazi, ndiyo maana naandika safu hii. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alikaa kimya, akanisaidia kusafisha, kesho yake akanionyesha namna ya kushusha chupa kwa skrubu, milimita chache kila dakika tano, huku jicho likiwa kwenye kipimo cha mgandamizo. Hadi leo mkono wangu unajua mwendo ule.

Na sasa florini. Haidrojeni floraidi si kama asidi nyingine. Ikiwa hafifu inaweza kugusa ngozi bila kuuma, ukaenda zako, na baada ya saa kadhaa maumivu yanaanza ndani, kwenye nyama na mfupa, kwa sababu inapenya na kukamata kalisi ya mwili. Ikikamata nyingi moyo unaweza kusimama. Jeli ya kalisi glukoneti lazima iwe mezani, si kwenye kabati la ofisi iliyofungwa, na tarehe yake isiwe imepita. Aliyeguswa anaoshwa kwa maji mengi mara moja, anapakwa jeli, na anapelekwa hospitali hata akisema haumii. Hasa akisema haumii.

Namkumbuka pia Alfred Stock wa Ujerumani, aliyetufundisha sote kufanya kazi ndani ya ombwe la vioo mwanzoni mwa karne iliyopita, alipokuwa akishughulika na misombo ya silikoni na haidrojeni inayowaka ikiguswa na hewa. Alijilinda na gesi zake vizuri. Kilichomuumiza ni zebaki ya kwenye valvu zake, aliyoivuta kwa miaka bila kuihesabu kuwa hatari. Mwaka 1926 aliandika wazi juu ya maradhi yake ili kuwaonya wengine. Fundi, kagua na vile vitu mlivyovizoea.

Naweza kujaribu nyumbani kwa kiasi kidogo sana?

Hapana. Hakuna kiasi kidogo cha haidrojeni floraidi kinachofaa kuwa ndani ya nyumba. Kama una kiu ya kuona baridi ikitunza kitu, tafuta maabara inayopokea wageni, uombe kukaa siku moja karibu na mtu anayefanya kazi kwenye ombwe. Nenda na daftari.

Nauliza kwa heshima: faida yake ni nini kwa watu? Au ni udadisi tu wa wasomi?

Umeuliza kwa heshima nami nakujibu kwa heshima: ulianza kama udadisi, na udadisi unanitosha. Lakini simu uliyoiandikia barua hii ina chipu ya silikoni, na chipu inachongwa kwa florini. Gesi yenye florini inapigwa umeme hadi inavunjika, atomu za florini zinatua juu ya silikoni, zinashikana nayo moja, mbili, tatu, na ya nne ikiingia molekuli inaruka na kuondoka kama silikoni tetrafloraidi, ile ile tuliyoianzia kwenye tanuri. Safari ni ile ile, imegeuzwa tu.

Na baridi ipo pia huko. Anayetaka kuchonga shimo jembamba lenye kina, kuta zikiwa wima, ana tatizo: florini inakula pande zote, chini na ubavuni. Njia mojawapo ni kuipoza silikoni hadi karibu −100 °C na kuchanganya salfa heksafloraidi na oksijeni kidogo. Kwenye baridi hiyo unatokea utando mwembamba wa silikoni, oksijeni na florini, unaozivika kuta. Chini ya shimo utando huo unagongwa na ayoni, atomu zenye chaji ya umeme, zinazoshuka moja kwa moja, unavunjika, uchongaji unaendelea. Kwenye kuta hakuna anayeugonga, unakaa.

Kazi ikiisha, silikoni inarudishwa kwenye joto la chumbani. Sehemu kubwa ya utando hupeperuka yenyewe, na kuta zinabaki karibu safi. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa picha ya shimo kama hilo chini ya hadubini ya elektroni niliomba nibaki nayo. Iko ukutani, juu ya meza ninapoandika.